Mwandishi wa Mia Moja na Kumi na Nane

Jumatatu asubuhi mtakwimu wa Baraza la Utafiti alichapisha jedwali lake mara tatu, na mara zote nchi yake ikatoka ya tatu. Alirudi kwenye kompyuta, akakagua fomula mstari kwa mstari, akachapisha tena. Ya tatu. Aliketi akaikodolea macho ile karatasi kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Ofisini walimwita Desimali. Jina alilipata siku alipokataa kusaini ripoti kwa sababu mtu alikuwa ameandika "asilimia kumi na nne" mahali palipostahili "kumi na tatu nukta tisa", na tangu hapo hata mlinzi wa getini alimsalimu kwa jina hilo. Hakuchukia. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mwembamba, mpole wa maneno, na mwenye ubishi wa kimyakimya ambao waliofanya naye kazi waliujua vizuri.

Kazi aliyopewa haikuwa ngumu kuieleza. Mtafiti akiandika makala, na watafiti wengine wakaja kuitaja katika makala zao, kila kutajwa kunahesabiwa. Ukichukua makala zote za nchi moja katika fani moja, ukajumlisha mara zilizotajwa, kisha ukagawa kwa idadi ya makala, unapata wastani. Ukizipanga nchi kwa wastani huo unaona nani yuko juu na nani anaburuta mkia. Safari hii fani ilikuwa biolojia ya ukuaji, elimu inayochunguza jinsi yai lililorutubishwa linavyogeuka kidogo kidogo kuwa kiumbe chenye moyo, macho na uti wa mgongo. Nchi hamsini na mbili, miaka kumi. Baraza lilitaka kujua fani zipi ziendelee kusaidiwa na zipi ziachwe, na Alhamisi ya wiki iliyofuata wajumbe wangekaa kuamua.

Mkurugenzi alipopita mlangoni aliiona karatasi mikononi mwake.

"Hiyo ndiyo ya biolojia? Lete niione."

Aliisoma kuanzia chini, kama alivyozoea. Macho yake yalipanda, yakapanda, yakaendelea kupanda, mpaka yakasimama karibu na kichwa cha ukurasa.

"Ya tatu," alisema.

"Ndivyo hesabu inavyosema, mzee. Lakini ningeomba tusiitoe kwanza. Nipe siku mbili tatu nichimbe."

"Unachimba nini? Mtoto kafaulu, unataka kumtungia mtihani mwingine?"

Alisema hivyo akicheka. Mkurugenzi alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Kwa miaka tisa alikuwa akihudhuria mikutano ya wakurugenzi wenzake, na kila mwaka kulikuwa na slaidi ya orodha ya nchi, na kila mwaka ilimbidi ashushe macho hadi chini kabisa, pale ambapo maandishi yanafichwa na vichwa vya waliokaa mbele. Mara moja mwenyeji mmoja alimshika bega kwa huruma na kumwambia cha muhimu ni kushiriki. Neno hilo lilimkaa kooni hadi leo. Aliondoka na ile karatasi ameishika kwa mikono miwili, na baada ya dakika chache Desimali alisikia, kupitia ukuta mwembamba wa mbao, akimwagiza katibu muhtasi aanze kuandaa taarifa kwa waziri.

Desimali alichimba. Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni kwamba nchi sita za juu zote zilikuwa ndogo, zenye maabara za kuhesabika kwa vidole. Moja ilikuwa na makala tisa tu kwa miaka kumi. Nyingine kumi na nne. Yake ilikuwa na kumi na moja. Wale wakubwa wenye makala elfu na elfu walikuwa wa saba, wa nane, wa kumi na mbili. Alifungua orodha ya makala za nchi ya kwanza, akaangalia iliyotajwa sana. Akafungua ya nchi ya pili. Alipofika ya nne aliacha kuandika majina, kwa kuwa jina lilikuwa lilelile. Nchi zote sita zilikuwa na makala moja kubwa, na makala yenyewe ilikuwa moja: mkusanyo wa picha na vipimo vya viinitete vya wanyama mbalimbali, viumbe ambavyo bado vinaumbika, saa kwa saa tangu mwanzo wa uhai, uliotengenezwa na watafiti mia moja sitini na watatu kutoka pande zote za dunia. Ilikuwa imetajwa mara elfu mbili mia tatu na arobaini.

Alishuka kwenye orodha ya waandishi akitafuta wa nchi yake. Alimkuta kwenye nafasi ya mia moja na kumi na nane, peke yake. Akalisoma jina mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Alikuwa dada yake.

Akaiondoa ile makala, akajumlisha upya. Makala kumi zilizobaki zilikuwa zimetajwa mara arobaini na moja zote pamoja. Wastani ulianguka kutoka mia mbili kumi na sita hadi nne nukta moja, na nchi ikateremka kutoka nafasi ya tatu hadi ya thelathini na nane.

Jioni hiyo, mezani, alimweleza mke wake. Mke wake alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na alikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, kalamu nyekundu mkononi. Alisikiliza huku akiendelea kuweka alama za vema na kosa.

"Yaani ni hivi," alisema mwishowe. "Kuna mtoto mmoja hodari. Shule sita zimemwandikisha, kila moja inasema ni wake. Shule yenye watoto tisa, mtoto huyo akiingia na alama zake, wastani unapaa. Ndiyo?"

"Ndiyo. Na mtoto mwenyewe amefundishwa na walimu mia moja sitini na watatu. Wa kwetu alimfundisha labda kufunga vifungo vya shati."

"Sasa tatizo liko wapi? Andika hivyohivyo."

"Mwalimu wa vifungo ni dada."

Mke wake aliweka kalamu chini.

Dada yake alimzidi miaka kumi na moja. Mama yao alipofariki, Desimali akiwa darasa la pili, dada ndiye aliyebaki naye kwenye chumba kimoja cha kupanga, yeye mwenyewe akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu. Meza ya pasi ilikuwa ndefu. Mwisho mmoja aliweka nguo, mwisho mwingine mdogo wake aliweka daftari. "Saba mara nane," dada alikuwa akiuliza bila kuinua macho, mvuke ukimpanda usoni, na jibu likichelewa aligonga meza kwa kitako cha pasi. Hesabu zote ambazo Desimali alizijua duniani zilianzia kwenye meza ile. Sasa dada alikuwa akiendesha maabara pekee ya viinitete nchini, wanafunzi wakimwita Mama Mayai, na mkataba wa mfanyakazi wake mmoja wa pekee ulikuwa unaisha Desemba. Kuendelea kwake kulitegemea kikao cha Alhamisi.

"Kuna mtu pale ofisini anajua ni dada yako?" mke wake aliuliza.

"Hakuna aliyeuliza."

"Sijakuuliza hilo."

Mke wake alirudi kwenye madaftari, lakini ukurasa uleule ulikaa mbele yake muda mrefu.

Kesho yake Desimali alimpigia simu mtakwimu mwenzake wa mojawapo ya zile nchi sita, mtu aliyewahi kufahamiana naye kwenye semina. Alimweleza alichokiona. Upande wa pili kukawa na kicheko cha uchovu.

"Ndugu yangu, sisi tumeshatangaza. Kuna bango refu kuliko mlango wa ofisi. Nilijaribu kusema, wakaniambia nina kijicho."

"Kijicho na nani?"

"Ndilo nililouliza. Na nyinyi mko wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Hongera," alisema yule, na wote wawili wakacheka.

Jumatano aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda maabara. Ilikuwa nyuma ya jengo la sayansi, chumba kilichowahi kuwa stoo ya vipande vya miamba, na mpaka leo rafu zilikuwa nene kama za kubebea matofali. Kando ya dirisha kulikuwa na mashine ya kutotolesha, mlango wake wa kioo umepasuka na kushikizwa kwa plasta ya hospitali. Ndani, mayai yamelala safu kwa safu, kila moja limeandikwa kwa penseli tarehe na saa. Dada yake alikuwa ameinamia hadubini. Kwenye meza ya pili alikaa mfanyakazi wake, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, ambaye wote walimwita Fundi Saa. Na kweli alikuwa fundi saa, kwenye kibanda chake mwenyewe, mpaka watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu na kazi ikamfia mkononi. Dada alikuwa amempelekea saa ya ukutani itengenezwe, akamwona anavyotumia kibano, akamwajiri wiki ileile. Mikono ile mikubwa iliweza kuinua kiinitete kisichozidi kipande cha ukucha bila kukichana.

"Umekonda," dada alisema badala ya salamu. "Au ni hilo shati."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa. Siyo hapo, hapo kuna mayai."

Fundi Saa aliona uso wa mgeni, akasema anakwenda kuchota maji yaliyosafishwa, akatoka na chupa ambayo ilikuwa imejaa.

Desimali alimwambia dada yake kila kitu, kwa mpangilio, kama ripoti: nafasi ya tatu, nchi sita, makala moja, nafasi ya thelathini na nane. Dada alisikiliza akiifuta lenzi kwa kitambaa, mduara baada ya mduara, muda mrefu kuliko lenzi ilivyohitaji.

"Kwenye makala ile tulifanya slaidi za hadubini mia nne," alisema. "Mimi na Fundi. Miezi kumi na minne. Viinitete vya kuku, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa zamu. Tulichopata ni mstari mmoja katika jedwali la nyongeza, ukurasa wa themanini na tatu. Lakini mstari ule hauna kosa."

"Najua."

"Hujui. Hukuwahi kuuliza." Aliweka lenzi mahali pake. "Fundi hakuwekwa miongoni mwa waandishi. Walimshukuru mwishoni, wakakosea jina lake. Haya. Sasa umekuja kuomba ruhusa?"

"Nimekuja kukuambia kabla hujasikia kwa watu."

"Siyo kweli, mdogo wangu. Umekuja nikukataze, ukanyamaze kwa ajili yangu. Au nikuruhusu, ukaseme kwa ajili yangu. Mzigo ni wako, unatafuta bega la kuutua. La kwangu lina vitu vingine."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Desimali zaidi. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na mshahara, na bado mbele ya mwanamke huyu alijisikia kama ameulizwa saba mara nane na jibu limempotea.

"Mkataba wa Fundi," alisema hatimaye. "Nikipeleka thelathini na nane watauliza kwa nini waendelee kumlipa mtu."

"Watauliza. Na nikifikiri ni wewe uliyewapa sababu, nitakasirika. Nitakasirika wiki mbili, labda tatu. Lakini ukipeleka uongo na mimi nikaujua, hiyo haina wiki." Alisimama. "Njoo hapa. Umesema viinitete mara ishirini tangu ulipoingia. Umewahi kukiona hata kimoja?"

Hakuwahi. Miaka yote ile dada amefanya kazi hiyo, hakuwahi.

Dada alitoa yai moja, akalilaza kwenye kikombe kidogo cha pamba. Juu ya ganda kulikuwa na tundu la mraba lililozibwa kwa karatasi ya nailoni. Aliifunua kwa kibano, akasogeza taa, akampisha kwenye hadubini. Desimali aliinama. Mwanzoni aliona manjano tu. Kisha mistari myekundu, myembamba kama nyuzi za buibui, ikikutana katikati, na pale katikati kidoadoa kikifumba na kufumbua.

"Ni nini hicho kinachocheza?"

"Moyo. Una saa hamsini na sita. Bado haujawa hata na vyumba, ni mrija tu unaojikunja, lakini kazi umeshaanza."

Aliinama zaidi, miwani yake ikagonga kioo cha hadubini, akaivua, akaangalia tena.

"Sasa nikuambie makala ninayoipenda," dada alisema nyuma yake. "Siyo ile yako ya elfu mbili. Hii mashine umeme ukikatika inapoa. Tulipoteza mayai mengi, tukalia sana. Halafu Fundi akaanza kuandika kila umeme ulipokatika kulikuwa na nini na uliporudi kukawa na nini. Kumbe vingine havikuwa vimekufa. Vilikuwa vimesimama. Moyo umesimama, joto likirudi unaanza tena palepale ulipoishia. Tukapima: ni kwa muda wa saa ngapi unaweza kungoja, na ukiwa na umri gani. Tukaiandika, mimi wa kwanza, Fundi wa pili. Imetajwa mara sita."

"Sita," Desimali alisema.

"Sita. Hukuiona kwenye jedwali lako?"

Alikuwa ameiona. Ilikuwa mstari wa nane, na aliipita bila kusimama.

Alirudi ofisini mchana huo, na siku mbili zilizofuata alifanya kitu ambacho hakuna aliyemwagiza: alizitafuta zile makala sita zilizoitaja kazi ya dada yake, akazisoma. Hakuelewa yote, maneno mengine aliyatafuta kwenye kamusi akakuta yamefafanuliwa kwa maneno magumu zaidi. Lakini alielewa vya kutosha. Makala mbili zilirudia jaribio lile na kupata majibu yaleyale. Moja ilikuwa sehemu ya tasnifu nzima ya udaktari iliyojengwa juu ya vipimo vya Fundi Saa, na nyingine ilitoka kwa watu wanaosafirisha mayai ya ndege walio hatarini kutoweka. Kisha, kwa haki, alichukua ile makala kubwa, akachagua bila kupendelea makala mia moja kati ya zile zilizoitaja, akazipitia nazo. Tisini na moja ziliitaja kwa sentensi moja tu ya utangulizi, sentensi ambayo karibu kila mtu alikuwa ameiandika kwa namna ileile. Hakuna hata moja iliyogusa ukurasa wa themanini na tatu.

Jumatatu iliyofuata alibisha mlango wa mkurugenzi, akaingia na mafaili mawili.

"Mzee, nina mambo mawili. La kwanza lilipaswa kuwa la wiki iliyopita. Mtafiti wetu kwenye ile makala kubwa ni dada yangu, tumbo moja. Nilipaswa kukuambia siku ileile nilipoliona jina, na kazi apewe mtu mwingine. Mtu yeyote anaweza kuikagua sasa, nimeacha kila hatua wazi."

Mkurugenzi alivua miwani. "Na la pili?"

Desimali alieleza. Mkurugenzi hakumkatiza. Katibu muhtasi aliingia na karatasi za kusainiwa, akaona nyuso, akarudi kinyumenyume.

"Kwa hiyo sisi ni wa ngapi?"

"Inategemea unauliza nini, mzee. Kila makala ikigawanywa kwa haki kati ya nchi zilizoiandika..."

"Nauliza wa ngapi."

"Wa thelathini na nane."

Mkurugenzi aligeuza kiti akatazama nje, ambapo mtu alikuwa akimwagilia nyasi na mpira wenye matundu, maji yakiruka kila upande isipokuwa kwenye nyasi.

"Nilishampigia mke wangu," alisema. "Siku ile ile. Nikamwambia nimepata kitu cha kuondoka nacho."

"Samahani, mzee."

"Usiniombe samahani. Ungeniomba samahani kama ungeniacha niende nikasimame mbele ya watu na hiyo karatasi, halafu mmoja wao akajua kuhesabu." Alikirudisha kiti mezani. "Ingawa sidhani yupo."

Desimali hakujua kama acheke. Mkurugenzi alinyoosha mkono. "Acha mafaili. Nenda."

Hakuambiwa kilichoamuliwa. Siku tatu alikaa roho juu, na Alhamisi aliitwa kwenye chumba cha mikutano akakaa kiti cha ukutani, pamoja na mtu wa kuandika muhtasari. Mkurugenzi alisimama mbele ya wajumbe kumi na wawili. Alionyesha jedwali la kwanza, kukawa na mnong'ono wa furaha, mjumbe mmoja akapiga makofi mawili. Kisha akaonyesha la pili. Alilieleza vibaya, alichanganya wastani na jumla, akarudi nyuma, akajikwaa. Lakini alilionyesha. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba mtakwimu na mtafiti ni ndugu, na kwamba mtu wa nje ameikagua hesabu siku mbili zilizopita na hakukuta kasoro.

Mjumbe mmoja, mhandisi wa barabara, mkavu wa maneno, aliinua mkono. "Kama ni wa thelathini na nane, tunaendelea na fani hii kwa sababu gani?"

Mkurugenzi alitupa jicho kwenye kiti cha ukutani. "Mtakwimu atajibu."

Desimali hakuwa amejiandaa. Alisimama, akaanza na zile makala mia moja na sentensi zao za utangulizi. Kisha akaenda kwenye zile sita. Alisimulia mashine inayopoa, mayai yaliyodhaniwa yameharibika, na mtu aliyeandika saa za kukatika umeme mpaka daftari likaisha. Alisema nani ametumia vipimo vile na kwa kazi gani. Alisema hajui kama hiyo inatosha. Yeye anajua tu kwamba namba moja haikuweza kuonyesha tofauti kati ya makala hizo mbili, na kwamba yeye mwenyewe aliipita ile ndogo bila kusimama.

"Wewe ni kaka yake," mhandisi alisema.

"Ni mdogo wake. Ndiyo."

"Ungesema haya kama usingekuwa?"

Desimali alifikiri kweli, na chumba kikamngoja. "Nisingejua kwamba yapo," alisema. "Nisingekwenda pale."

Mhandisi aliandika kitu, hakuuliza tena.

Uamuzi ulitoka siku nne baadaye. Mashine mpya haikupatikana. Walisema labda mwaka ujao, na kila mtu alijua maana ya labda. Mkataba wa Fundi Saa uliongezwa mwaka mmoja, kwa kura saba dhidi ya tano. Desimali alihamishiwa kwenye takwimu za kilimo. Mkurugenzi alimweleza kwamba siyo adhabu, ila kwa kuwa ana ndugu katika fani ile isingefaa aendelee nayo, na Desimali alikubali kwamba hilo lilikuwa sawa, ingawa alihama dawati shingo upande.

Dada yake alinuna, kama alivyoahidi. Simu yake haikujibiwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili ulikuja ujumbe wa maneno matatu: Fundi anakusalimu sana. Jumapili ya wiki ya tatu, mvua ikinyesha, alitokea mlangoni bila taarifa, viatu mkononi, kanga ya kichwani imelowa chapachapa. Mke wa Desimali alimpa taulo na nguo kavu, wakaanza mara moja kubishana kama watoto wa darasa la tano wapewe kazi za nyumbani au waachwe wacheze. Desimali alikaa kando akiwasikiliza.

"Kuna jambo nikuambie," dada alisema baadaye, walipobaki wawili, akikausha nywele. "Miaka miwili sasa kila ninapokwenda kwenye mkutano wananitambulisha: huyu ni mmoja wa waandishi wa ile makala. Na mimi ninatabasamu. Sijawahi kuwaambia ni mstari mmoja. Kwa hiyo nilipokukasirikia wiki hizi, nusu ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe."

"Ungeniambia."

"Nimekuambia sasa. Nipe hiyo ripoti yenu iliyokwenda kwa waziri niisome. Naomba na penseli."

Aliisoma yote, kurasa kumi na tisa, miguu ameikunja kwenye kochi kama zamani. Mara mbili alitikisa kichwa kwa kukubali. Alipofika ukurasa wa nne kwa mara ya pili, alitua hapo, akapiga mstari.

"Hapa umeandika kifaranga mwenye saa hamsini na sita."

"Ndiyo."

"Kifaranga ni mpaka atoke kwenye ganda. Huyu ni kiinitete. Umempeleka kwa waziri kifaranga mwenye mrija badala ya moyo."

Desimali alichukua ripoti akaisoma sentensi. Ilikuwa kweli. Mke wake alikuja kuangalia juu ya bega lake.

"Imeshakwenda," alisema. "Hakuna atakayegundua."

"Yeye amegundua," Desimali alisema, na dada yake akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani kinachoanzia tumboni na kuishia kwa kikohozi, mpaka mke wake naye akashindwa kujizuia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kugusa kazi yoyote ya kilimo, aliandika barua ya masahihisho, aya moja, ukurasa wa nne, mstari wa kumi na mbili. Aliipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aliisoma polepole, akamtazama Desimali juu ya miwani, akaisoma tena, kisha akatafuta kalamu yake chini ya mafaili na kuisaini.